Kompyuta Kongwe Bado ni Shule

JE, ndugu msomaji, umepata kumwuliza mwanao, anayeshinda na simu mkononi, jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi? Si ajabu akakujibu kwamba ukigusa hapa picha hutokea, na ukigusa pale hutoweka. Wala si kosa lake. Simu ya leo imefungwa kwa gundi, ndani yake mna transista mabilioni, na hata mhandisi aliyeshiriki kuibuni huijua sehemu yake tu. Mtoto huitumia kama abiria anavyolitumia basi: hufika aendako, lakini usukani hajapata kuushika.

Upo mtambo mwingine, mdogo na mkongwe, ambao mtu mmoja mwenye subira anaweza kuufahamu wote, tangu waya wa umeme hadi herufi inayotokea kwenye kioo. Mtambo huo ni kompyuta ya nyumbani ya biti nane, iliyotamba ulimwenguni tangu mwisho wa miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Huko Ulaya na Marekani wapenzi wa ufundi hadi leo wanaitunza, wanaitengeneza na kuiandikia programu mpya. Wengi wao hufanya hivyo kwa kukumbuka utoto wao.

Sisi Watanzania wengi hatuna utoto wa namna hiyo wa kukumbuka. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu yetu ya kuithamini kompyuta hiyo yaweza kuwa nzito kuliko yao. Kwetu sisi ni darasa tulilolikosa, na mlango wake haujafungwa.

MALANGO MANANE

Tuanze na jina. Biti nane maana yake ni nini? Hapa Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, jibu tunaliona kila siku katika maji. Mto Rau hushuka kutoka Kilimanjaro, na huku chini maji yake huingizwa katika mifereji ya mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, mradi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Huko juu mlimani, Wachaga walikwisha kuchimba mifereji yao, yaani mifongo, kabla wakoloni hawajafika. Ukiufuata mfongo kwa miguu utaona kila kitu: maji yanapoingilia, yanapogawanyika, na lango linalofunguliwa kwa zamu ya nani.

Sasa fikiria mifereji minane iliyolala sambamba, kila mmoja na lango lake. Lango huwa wazi ama limefungwa. Hali ya tatu haipo. Lango moja hukupa hali mbili. Malango mawili hukupa hali nne, matatu hukupa nane, na ukiendelea hadi manane unapata hali 256. Badala ya maji tia umeme, na kila lango liite biti. Kompyuta ya biti nane ni ile inayoshughulikia malango manane kwa mara moja, na kila kundi la malango manane huitwa baiti.

Malango hayo hupewa thamani: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Ukifungua lango la 64 na lango la 1 tu, umepata 65, na katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta 65 ni herufi A. Herufi R ni 82, yaani 64 na 16 na 2. Herufi U ni 85, yaani 64 na 16 na 4 na 1. Basi jina la Rau ndani ya mtambo ni 82, 65, 85. Ni baiti tatu, wala hapana uchawi. Mtoto wa darasa la tano akipewa kalamu na karatasi ataweza kuliandika jina lake kwa njia hiyo kabla chai haijapoa.

Kumbukumbu ya kompyuta hizo nayo ilikuwa ndogo. Nyingi za zile zilizokuwa na nafasi kubwa zilikuwa na kilobaiti 64, yaani nafasi 65,536 za kuwekea baiti. Simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huizidi hiyo mara 65,536. Ubongo wake, mathalani chipu iitwayo Z80, una transista zipatazo 8,500 tu. Ramani ya kumbukumbu yote huweza kuchorwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Thamani yake ya kudumu imo humo. Udogo ambao zamani ulikuwa dosari, leo kwa mwanafunzi ni neema.

TULIVYOPITWA

Kompyuta ya kwanza hapa nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mitambo ya wakati ule ilikuwa mikubwa, ya ghali, na ilitegemea wataalamu kutoka nje. Manufaa yaliyotarajiwa katika hesabu za Serikali hayakupatikana, na fedha za kigeni ziliendelea kutoka. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Masharti hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata.

Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, lakini wakati haukungoja. Mwaka 1975 ilitoka chipu ya bei nafuu iliyoitwa 6502, na mwaka 1976 ikafuata Z80. Mwaka 1977 kompyuta za nyumbani zikaanza kuuzwa madukani Marekani. Mwaka 1982 ilitoka Uingereza kompyuta ya ZX Spectrum, iliyouzwa kwa pauni 125 tu ile ndogo yake, na mwaka huo huo ikatoka Marekani Commodore 64. Watoto wa wafanyakazi wa kawaida wakaanza kuandika programu mezani sebuleni.

Sisi mwaka 1982 tulikuwa na mashaka mengine. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini fedha za kigeni zilikuwa adimu, na sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni. Hata kama ndugu aliye ng'ambo angekuletea kompyuta, ungeichomeka wapi? Zile kompyuta zilitumia televisheni kuwa kioo chake. Zanzibar ilikuwa na kituo cha televisheni tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini huku Bara matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1994. Kwa hiyo kompyuta zilipoingia kwa wingi katika miji yetu, zilikuwa ni mashine za ofisi. Tulijifunza kuchapa barua na kuzitoa kwenye karatasi. Tulikutana na kompyuta kama karani anavyokutana na taipureta, na kile kizazi cha kuifungua na kuichungulia kikaturuka.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu ya vifaa tulikuwa nayo. Kompyuta zile zilihifadhi programu kwenye kaseti za kawaida, zile zile za muziki wa dansi na kwaya. Programu iligeuzwa kuwa sauti ya mlio mkali, ikarekodiwa, na ilipotakiwa tena kaseti ilichezwa ikiwa imeunganishwa na kompyuta kwa dakika kadhaa. Kichwa cha radiokaseti kikikaa upande, programu haikuingia, na dawa yake ilikuwa kukirekebisha kwa bisibisi ndogo. Ndugu msomaji, kuna fundi redio gani wa Moshi, wa Tanga au wa Kariakoo asiyeijua kazi hiyo? Mafundi tulikuwa nao, na kaseti tulikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtambo wenyewe.

WENZETU WALIOJIUNDIA

Yafaa tuwatazame wenzetu waliokuwa na shida iliyofanana na yetu. Yugoslavia ilikuwa mwanachama mwenzetu katika umoja wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Huko nako mwananchi hakuruhusiwa kuagiza kutoka nje kitu kilichozidi thamani fulani, na kompyuta zilikuwa zimezidi.

Mwaka 1983 mtu mmoja aitwaye Voja Antonić alibuni kompyuta ya kujiundia nyumbani, kwa kutumia chipu ya Z80, akaiita Galaksija. Katika kompyuta nyingi za wakati ule, kazi ya kuchora picha kwenye televisheni ilifanywa na kipande maalumu cha ghali. Antonić alimwongezea Z80 kazi hiyo, na gharama ikapungua. Michoro yake na maelezo ya kuunganisha vilichapishwa katika toleo maalumu la jarida karibu na mwaka mpya wa 1984, na maelfu ya wasomaji wakajiundia kompyuta zao kwa mikono yao.

Halafu Redio Belgrade, katika kipindi kilichoitwa Ventilator 202, ikawa inatangaza programu hewani. Ule mlio wa kaseti ulipigwa redioni, wasikilizaji wakaurekodi, kisha wakaingiza programu katika kompyuta zao. Sisi tuliokuzwa na vipindi vya elimu kwa redio tunaelewa vema uzito wa jambo hilo. Uhaba haukuwazuia kujifunza. Uliwalazimisha kuufahamu mtambo hadi ndani.

BABU NA MJUKUU

Wapo watakaosema: "Hayo ni ya kale. Kwa nini mtoto wa leo afundishwe mtambo uliopitwa na wakati?" Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake limo ndani ya simu ya mwanao.

Huko Helsinki, Finland, mwanzoni mwa miaka ya 1980, profesa mmoja wa takwimu, Leo Törnqvist, alinunua kompyuta ya Commodore VIC-20. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 5 tu. Babu huyo akawa anamkalisha mjukuu wake ili amsaidie kuandika programu. Mjukuu alikuwa na umri wa miaka kama 11, na jina lake ni Linus Torvalds. Mwaka 1991 kijana huyo alianza kuandika Linux, ambayo leo ndiyo kiini cha programu ya Android inayoendesha simu nyingi tulizo nazo.

Huko Cambridge, Uingereza, kampuni ya Acorn ilitoa mwaka 1981 kompyuta ya biti nane iliyoitwa BBC Micro, iliyoambatana na mpango wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwaelimisha wananchi juu ya kompyuta. Wahandisi wawili walioshiriki kuiunda, Sophie Wilson na Steve Furber, baadaye walibuni chipu mpya iliyoitwa ARM. Chipu ya kwanza ya ARM ilijaribiwa tarehe 26 Aprili 1985, nayo ilifungwa kwenye BBC Micro ile ile ili ijaribiwe. Leo karibu kila simu ya kisasa ina chipu ya ukoo huo.

Basi simu ya Android iliyo mfukoni mwako ina ubongo ulioanzia Acorn na kiini kilichoandikwa na mjukuu wa Törnqvist. Vyote viwili vimetoka kwa watu waliojifunza kwenye mitambo hii midogo.

Sababu yake si ngumu kuiona. Ulipoiwasha kompyuta ya namna ile, haikukuletea picha za kuchezea wala matangazo ya biashara. Ilikaa kimya ikisubiri uiamuru kwa lugha iliyoitwa BASIC, lugha iliyobuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wa masomo yote, hata wasio wa sayansi. Mtoto alikuwa na njia mbili tu: aizime, ama aandike kitu. Wengi waliandika.

Na hali hiyo ilipotoweka, pengo lilionekana hata kwa wenyewe. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walitambua kwamba vijana waliokuja kusomea kompyuta hawakuwa tena na mazoezi ambayo wenzao wa zamani walikuja nayo kutoka nyumbani. Ndiyo maana mwaka 2012 wakatoa kompyuta ndogo ya bei nafuu, Raspberry Pi. Ikiwa Waingereza waliokuwa na darasa hilo waliona hasara ya kulipoteza, sisi ambao hatukulipata tuseme nini?

HUENDA UNAYO UVUNGUNI

Ndugu msomaji, usidhani ni lazima uagize mtambo kutoka Ulaya. Kompyuta halisi za wakati ule sasa zinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na bei zake zimepanda. Zipo njia rahisi zaidi.

Kwanza, tazama uvunguni. Zile gemu za kuchomeka kwenye televisheni, zenye kaseti za plastiki, zilizoenea mijini katika miaka ya 1990 na 2000, nyingi zilikuwa nakala za mashine ya Famicom iliyotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1983. Chipu yake ni jamaa wa 6502. Baadhi zilikuja na kibodi kamili na lugha ya BASIC ndani yake. Wazazi wengi waliziona kuwa ni upuuzi wa kupoteza muda, kumbe ndani yake mlikuwa na shule.

Pili, ipo njia isiyo na gharama ya vifaa. Wapenzi wa kompyuta hizi wameandika programu za kuigiza, ambazo huifanya kompyuta ya leo, hata mtumba dhaifu, ijifanye kuwa Commodore 64 au Spectrum. Nyingi hutolewa bure. Kwa anayeanza, Commodore 64 ni nyepesi zaidi, kwa kuwa unaandika amri herufi kwa herufi. Kwenye Spectrum neno zima hutoka kwa kubonyeza kitufe kimoja, jambo linalowatatiza wageni.

Tatu, biti nane haijafa. Kampuni ya Zilog iliacha kupokea oda za chipu ya Z80 ya asili mwezi Juni 2024, baada ya miaka 48, lakini aina mpya ya 6502 bado inatengenezwa. Ubao wa Arduino Uno R3, unaotumiwa na wanafunzi wa ufundi duniani kote, una chipu ya biti nane yenye kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi na kilobaiti 32 za kuwekea programu. Kijana wa Rau akiupata ubao huo pamoja na kifaa cha kupima unyevu wa udongo, anaweza kutengeneza mtambo wa kuwasha pampu bustani inapokauka. Huo si mchezo wa kale. Ni kazi ya leo.

TAHADHARI

Wanaobahatika kupata mtambo wa zamani wazingatie mambo machache. Usiuchomeke kwenye umeme kabla fundi hajakagua adapta yake. Adapta za Commodore 64 zinajulikana kwamba zikizeeka hupandisha umeme na kuunguza chipu. Spectrum nayo hutumia plagi ambayo hasi iko katikati, kinyume cha adapta nyingi za leo, ukikosea umeiua.

Televisheni ya zamani ya kioo kinene isifunguliwe na mtoto hata kidogo. Ndani yake huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Tena vibao vilivyokufa visichomwe moto kwenye jalala, kwani moshi wake na risasi iliyomo ni sumu. Mpe fundi, atavuna vipuri.

Kadhalika tusiitarajie kompyuta ya biti nane ifanye isiyoyaweza. Haitatuma fedha, haitafungua mtandao, wala haitampatia mwanao kazi kesho. Wala haichukui nafasi ya kompyuta ya kisasa shuleni. Kazi yake ni moja, nayo ni kumwondolea mtoto dhana kwamba mtambo una miujiza.

TUANZE NYUMBANI

Njia ya kuanza ni nyepesi. Mwandikie mwanao mistari hii mitatu, naye aiandike kwenye kompyuta:

10 FOR N=1 TO 12
20 PRINT N;" MARA 7 NI ";N*7
30 NEXT N

Kisha aandike RUN. Jedwali la saba litashuka kwenye kioo, kuanzia 7 hadi 84. Mweleze kwamba mstari wa kwanza unaihesabisha kompyuta kutoka 1 hadi 12, wa pili unaiamuru iandike jibu, na wa tatu unairudisha ichukue namba inayofuata. Halafu usimwambie zaidi. Mwulize tu: tukitaka jedwali la tisa, tubadilishe wapi? Akikosea, kompyuta itamwambia mstari upi una kasoro, wala haitamcheka. Naye akipata, atakuwa ametoa amri na mtambo umetii. Mtoto aliyeonja jambo hilo mara moja haiangalii tena simu kwa macho yale yale.

Wala wasichana wasiachwe jikoni wakati kaka zao wako mezani na kompyuta. Na wewe mzazi usiseme kwamba hujasoma mambo hayo. Törnqvist hakumwachia mjukuu wake mtambo akaondoka. Alimweka karibu, wakafanya kazi pamoja. Hesabu ya malango manane unayoijua sasa inatosha kwa Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili, mwanao huenda akawa ndiye anayekufundisha wewe, na hapo utajua kwamba darasa limeanza.